Mzaha kwa Mwenye Majonzi

Wako wadhanio ya kuwa mtu aliyetoka katika dhiki ya moyo hafai kucheka, na amchekeshaye amemvunjia heshima. Dhana hiyo haiafikiani na mwendo wa Mtume, rehema na amani zimshukie.

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kuwa Mtume alikuwa ameketi, wakeze wamemzunguka, naye amenyamaa kwa huzuni. Sahaba wake mmoja akaazimu kusema neno la kumchekesha. Akalisema, na Mtume akacheka. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, alifahamu katika habari hii ya kuwa yapendeza mtu amwonapo mwenziwe ana huzuni amzungumze la kumchekesha au la kumshughulisha.

Na lizingatiwe hili: kicheko hakikuondoa sababu ya huzuni. Wakeze walikuwa wakimtaka matumizi asiyokuwa nayo, na haja ile ilibaki pale pale. Lakini alipokwisha kucheka ndipo alipolitaja linalomsumbua. Basi mzaha mwema haufuti msiba. Hukifungua kifua, na ulimi ukapata njia.

Ila mzaha una mipaka miwili: usiwe uwongo, wala usiwe dhihaka iliyokatazwa katika Sura ya Hujurat, aya ya 11. Kuchekeshwa si kuchekwa. Na majonzi yakikaa yasitoke, mtu aendewe na tabibu pia, kwani kujitibu kumeamrishwa, na mzaha haushiki mahali pa dawa.