Udhaifu wa Mwanadamu na Amana ya Elimu

Ndugu zetu Waislamu,

Asili yetu ni udongo, na viwiliwili vyetu ni dhaifu. Duma katika mbio fupi hukaribia mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Usain Bolt, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 huko Berlin mwaka 2009, hakufikia hata nusu ya mwendo huo. Ndama wa nyumbu husimama dakika chache baada ya kuzaliwa. Mtoto wetu hukaa yapata mwaka mzima ndipo atembee.

Je, Mwenyezi Mungu ametudhulumu? Hasha! Nabii Adamu hakutukuzwa mbele ya Malaika kwa mbio wala kwa nguvu, bali kwa majina aliyofundishwa. Na utoto wetu mrefu ndio wasaa tuliopewa wa kufundishwa.

Basi mzazi amlishaye mwanawe na kumvisha, kisha akamnyima elimu, awe mwana huyo ni wa kiume au wa kike, amempokonya silaha yake ya pekee. Kwani pembe hana, wala makucha hana. Kesho mbele ya Mola tutaulizwa: wasaa ule tuliutumiaje?

Wabillahi tawfiq.