Je, kucheza ni kazi? Mawazo juu ya chakula kinachotoka ndani ya mchezo

Kwa kilio cha mzee mmoja wa jamaa yetu, hapa Bukama, kulitokea neno lililotusumbua kuliko bei ya sanduku. Mtoto wa dada yetu, anayekaa Lubumbashi, alituma makuta kwa telefone. Yalikuwa mengi kupita mchango wetu wote. Mkubwa wa familia akauliza: «Huyu mtoto anatumika kazi gani?» Watu wakanyamaza. Mmoja akajibu polepole: «Anachezaka karata, baba. Ku mashini.» Mzee akatuangalia sisi mwalimu, sawa vile tulipaswa kuwa na jibu. Hatukuwa nalo. Ndiyo sababu tunaandika kurasa hizi.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana wengi wanachanganya. Mchezo huo unaitwa poka. Si sawa na pari ya mpira, ambamo mtu anaandika matokeo ya timu na kungojea. Katika poka watu wanacheza wao kwa wao, na kila mmoja anaficha karata zake. Mwenye nyumba, maana yake kampuni ya intaneti, hachezi. Anakata sehemu yake ndogo tu, awe nani anashinda. Kwa hiyo mwenye kujua hesabu, mwenye uvumilivu na mwenye kusoma roho ya mwenzake anaweza kweli kula miaka mingi. Tulipompigia mpwa wetu telefone alituambia: «Mjomba, haiko bahati, iko kazi. Bengine banaendaka ku biro, miye niko ku mashini. Nachezaka usiku mzima, naandika ku kaye makosa yangu yote.» Tunakubali: kuna bidii ndani yake.

Alitueleza tena kwamba alianza kwa meza ya kawaida, na sasa amehamia mashindano. Ilimchukua muda mrefu kuzoea. Kwa meza ya kawaida, kila kijiti mbele yako ni makuta yenyewe. Ukichoka unasimama na kwenda nacho. Kwa shindano, unalipa kiingilio mara moja, unapewa vijiti visivyoweza kuuzwa, na kima cha lazima kinapanda kila baada ya dakika fulani. Anayekaa tu kungojea karata nzuri anamalizwa na saa. Huwezi kusimama: unatoka kwa kushindwa, au unabaki wa mwisho. Na zawadi nyingi inakwenda kwa wachache wa juu, hata mtu anaweza kucheza vizuri wiki nyingi bila kupata kitu.

Mfano unaojulikana ni ule wa mwaka 2003, Las Vegas, Marekani. Chris Moneymaker, mtu wa kazi ya hesabu, alipata nafasi kwa shindano dogo la intaneti lenye kiingilio chini ya dola 100. Akaingia shindano kubwa la dunia na kushinda dola milioni 2,5. Tangu siku ile vijana wa nchi nyingi waliamini kwamba nao wanaweza. Lakini sisi tunaofundisha tunapenda kumaliza hesabu. Wachezaji walikuwa 839, na kiti kimoja kilikuwa na bei ya dola 10 000. Waliopata zawadi ni 63. Wengine 776 walirudi mikono mitupu, na hakuna anayejua majina yao. Kumbe makuta ya mshindi hayakuanguka kutoka mbinguni.

Sasa tuje kwetu. Je, mababu hawakucheza? Walicheza. Kisolo, ule ubao wa safu nne za mashimo, kilikuwa shule ya hesabu kabla ya shule. Mzee alikaa nacho chini ya mti, watu wakimzunguka, na mwenye akili alisifiwa. Lakini jioni aliyeshindwa alirudi nyumbani, na mbuzi yake ilikuwa bado pale. Kilichopotea ni sifa ya siku moja.

Na habari kubwa ya Waluba yenyewe ina mchezo ndani yake. Wazee wanasimulia, kila mmoja kwa namna yake, jinsi Nkongolo alivyocheza masoko na Kalala Ilunga, mtoto wa dada yake. Yule kijana alishinda kila mara. Mama ya Nkongolo alicheka, na mfalme kwa hasira akaamuru azikwe mzima. Halafu akachimba shimo, akapanda mikuki ndani, akafunika mikeka juu, akamwalika kijana aje kucheza ngoma pale. Mpiga ngoma ndiye aliyemwonya. Kalala Ilunga akatupa mkuki juu ya mkeka, akaona shimo, akakimbia akavuka Lualaba, maji haya haya tunayoyaona hapa Bukama.

Sisi tunasoma mambo mawili ndani ya habari hiyo. La kwanza: mchezo haukuwa mbaya. Kilichoharibika ni roho ya mtu asiyeweza kushindwa. Wachezaji wa leo wanajua ugonjwa huo: mtu amepoteza, damu inapanda, anatupa na makuta ya kodi ili arudishe yale ya kwanza. La pili: kabla ya kucheza kwa mkeka wa mtu mwingine, pima chini yake. Mwaka 1991 Wakongomani wengi hawakupima. Walipeleka akiba yao kwa Bindo, Kinshasa, wakiahidiwa faida ya ajabu kwa siku chache, na mwisho mkeka ukaanguka. Ile haikuwa mchezo hata kidogo, ilikuwa shimo tupu. Kule Kenya, mwaka 2019, serikali ilikataa kuwapa makampuni mengi ya pari ruhusa mpya, kwa sababu ya kodi na kwa sababu ya vijana waliokuwa wanazama.

Mpwa wetu ana majibu, na si ya kijinga. «Mvuvi naye anatupa wavu bila kujua,» anasema. Ni kweli. Mvuvi wa Kisale anaweza kulala juu ya maji na kurudi na mtumbwi mtupu. Lakini akipata, samaki inapanda treni, inafika Kamina na Likasi, na watoto wanakula. Hakuna mtu aliyelala njaa ili yeye apate. Katika poka, kila franka ya mshindi ilikuwa ya mtu mwingine, na tena imepungua, kwani mwenye nyumba amekata yake. «Na mchezaji wa mpira?» Huyu naye anashinda mwenzake, lakini maelfu wamefurahi, na aliyeshindwa analipwa pia.

Lakini tusijifanye watakatifu. Sisi walimu tumeishi miaka mingi kwa mchango wa wazazi, na tunajua baba gani aliuza jogoo wake ili mtoto asifukuzwe. Sisi pia tunakula kutoka mfuko wa maskini. Tofauti ni kwamba tunamjua yule baba. Tunakutana naye sokoni, na uso wake unatuamuru kufundisha vizuri.

Pale kwa kilio mzee alichukua telefone mwenyewe, akauliza neno moja tu: «Wale unaokula makuta yao, unawajua?» Kijana akajibu: «Hapana, baba. Naonaka majina tu.» Mzee akasema: «Miye ku kisolo nilikuwa naona uso wa mwenzangu. Nikiona amechoka, tunaacha.» Kijana alinyamaza muda. Kisha akasema: «Njo sababu niliacha meza na kuingia shindano. Kule kila mutu analipa kiingilio, anajua mbele kile anaweza kupoteza. Ku meza niliona bengine banaongeza, banaongeza, mpaka asubuhi.»

Jibu hilo lilitugusa. Hakuongozwa na faida peke yake: alikuwa anatafuta mpaka, kama mababu walivyokuwa na mpaka wao. Bado hatuiti kazi yake kazi, maana kazi kwetu ni kitu kinachoacha kitu nyuma yake. Lakini hatumwiti mwizi. Kwa wanafunzi wetu tunasema wazi: kwa mmoja anayekula, wengi wanalipa, na asiyeweza kutaja kiasi atakachopoteza leo asiguse karata.

Na yale makuta? Mzee alitoa ndani yake kiasi kilekile ambacho kila mpwa alipaswa kuchanga, akakiweka pamoja na vyetu. Yaliyobaki aliamuru yarudishwe Lubumbashi, pamoja na neno hili: aje mwenyewe kwa siku arobaini. Alikuja. Alikaa siku tatu, akacheza kisolo na mzee, akashindwa mara mbili.