Mali ni Amana

Ndugu yetu mmoja wa Loitokitok huiacha kompyuta yake ikiwaka usiku na mchana, akikanywa husema: "Umeme nimeununua kwa mali yangu."

Twasema: kompyuta ilayo wati 100, ikiwaka bure saa 16 kila siku, hula yuniti 48 kwa mwezi. Mtume (s.a.w.) alituamrisha tuzime taa tulalapo, kwa kuchelea moto, na Qur'ani imekataza ubadhirifu hata pasipo moto. Mwenye mali ameaminiwa tu. Kesho ataulizwa aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Atajibu nini, hali mwana wa jirani hadurusu usiku kwa kukosa yuniti moja?

Basi tuitumie kompyuta, tumalizapo, tuizime. Wabillahi tawfiq.