Tafakuri ya Ramadhani 1446, siku ya 16: Tuhesabu furaha ndogo za mwaka

Ndugu zangu wa Newala na Masasi, na nyinyi mliotoka huku mkatawanyika Mtwara mjini, Dar na kwingineko lakini bado mmo kwenye chaneli hii.

Alhamdulillah, tumevuka nusu ya mwezi. Nafasi za saf ya mwisho zimeanza kuonekana msikitini, kama kila mwaka. Mliopo, Allah awathibitishe. Mlioanza kupungua, tunawasubiri, hakuna wa kuwauliza mlikuwa wapi.

Leo nataka tuzungumze habari ya furaha. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi ya Abu Huraira waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametufundisha kwamba mwenye kufunga ana furaha mbili: moja wakati anapofuturu, na nyingine siku atakapokutana na Mola wake. Hii ya pili tunaihubiri sana. Hebu leo tuitazame ile ya kwanza. Ni nini hasa? Ni maji ya mtungi. Ni tende kama ipo, na kama haipo basi kipande cha muhogo na bakuli la uji. Furaha ya dakika tano. Kikombe cha pili kikishaingia, umeshasahau kama ulikuwa na kiu. Kitu kidogo kabisa, lakini Mtume hakukidharau. Amekitaja sehemu moja na kukutana na Allah, na akakipa jina lile lile: furaha.

Basi na sisi tusizidharau za kwetu.

Nasema hivi kwa sababu kila Ramadhani napenda kuwauliza watu, tangu mwezi kama huu mwaka jana mpaka leo umepata nini cha kufurahia? Na kwetu huku jibu linakwenda moja kwa moja kwenye korosho. Mwaka tunaupima kwa kilo. Sawa, siwalaumu, ndiyo shamba letu. Na msimu uliopita ulikuwa msimu wa kusimuliwa. Oktoba 2024 minada ilipofunguliwa, watu wa TANECU na MAMCU wote walikuwa wameinamia simu kusubiri bei, na bei ikapita shilingi 4,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia tulikuwa tunazungukazunguka kwenye elfu mbili na chini yake. Wapo walioezeka bati. Wapo waliolipa ada za watoto mpaka mwisho wa mwaka. Wapo waliofuta madeni ya dukani ya miaka mitatu. Alhamdulillah. Wapo pia waliooa mke wa pili Novemba na Februari wakaja kwangu kutafuta suluhu, hao leo tuwaache wafunge kwa amani.

Sasa tupo Machi. Mvua zinanyesha, mahindi mabichi ndiyo yanaanza, na fedha ya korosho imekwisha kwenye nyumba nyingi. Ukimuuliza yule yule aliyepokea malipo Novemba, njomba, mwaka ulikuwaje? Anakwambia, "Ah, ustadh, mwaka haukuwa na kitu." Yaani fedha ilipoondoka iliondoka na mwaka mzima.

Wiki iliyopita niliwagawia karatasi watoto wa madrasa baada ya Alasiri. Chuo cha ualimu walitufundisha kwamba somo huanzia kwenye kile mwanafunzi anachokijua, na mimi nilitaka kuwafundisha shukrani, basi nikawaambia: kila mmoja aandike jambo moja lililomfurahisha tangu Idi ya mwaka jana. Nilitegemea nguo na simu. Haya ndiyo waliyoandika, nanukuu baadhi kwa idhini yao.

Mmoja: kuku wetu alitotoa vifaranga tisa na mwewe alichukua mmoja tu. Mwingine: bibi alitoka hospitali Ndanda akacheka. Mwingine: maji yalitoka bombani siku nne mfululizo. Mwingine alipelekwa Mtwara akaona bahari, akaongeza kwamba ina chumvi kweli, siyo uongo. Mmoja amehitimu Juzuu Amma. Mmoja kaandika tu, "Baba alirudi kutoka Msumbiji." Na mmoja, wa pekee aliyegusa habari ya korosho, kaandika kwamba baba alilipa deni la duka na sasa akitumwa sukari hapiti njia ya nyuma.

Someni hilo la mwisho tena. Sisi watu wazima tuliona bei ya mnada. Mtoto aliona kwamba sasa anaweza kupita mbele ya duka bila kujificha. Nani kati yetu alihesabu neema sawasawa?

Karatasi moja ilirudi tupu. Ya binti ambaye baba yake tulimzika mwezi wa Shaabani. Sikumsemesha. Kesho yake akaniletea karatasi imekunjwa mara nne. Ameandika kwamba baba alimfundisha kuendesha baiskeli kabla hajaanza kuumwa.

Ndugu zangu, mtoto huyu kanifundisha tafsiri ya Suratudh-Dhuha kuliko nilivyoisoma. Mnajua sura ile iliteremka wakati gani. Wahyi ulikuwa umesimama kwa muda, Mtume (s.a.w.) ana huzuni, na maadui wanamsema kwamba Mola wake amemwacha. Allah alipomjibu, baada ya kumhakikishia kwamba hakumwacha na kumbashiria kheri ya mbele, alimrudisha nyuma, akamkumbusha maisha yake mwenyewe, tena kwa kutaja jambo moja moja: ulikuwa yatima, nikakupa mahali pa kukaa. Hukuwa unaijua njia, nikakuongoza. Ulikuwa huna kitu, nikakutosheleza. (Haya ni maana kwa maneno yangu, sura kaisomeni wenyewe, ni ya 93, fupi.) Sura ikamalizikia kwa amri ya kuzisimulia neema za Mola. Hakuambiwa asimulie baada ya huzuni kwisha. Aliambiwa akiwa ndani yake.

Kwa hiyo mliofiwa mwaka huu, na mko wengi, msidhani tafakuri ya leo haiwahusu. Ramadhani iliyopita mtu wako alikuwepo kwenye mkeka wa futari. Alisema nini cha kuchekesha? Alipenda kipande gani cha samaki? Hiyo nayo ni neema uliyopewa, na kuondoka kwake hakuifuti. Isimulie, umuombee dua.

Turudi kwenye jambo lenyewe, kwa sababu leo nina neno gumu kidogo.

Ramadhani siku hizi inatuangukia kipindi cha ghala tupu. Mikorosho imebeba majani tu, hata ua bado, na Idi ipo wiki mbili mbele. Watoto wanataka nguo. Hapo ndipo anapopita yule bwana wa kangomba, tena siku hizi hata hapiti, anapigiwa simu. Anakupa fedha leo, wewe unamuahidi korosho za msimu ujao, kwa bei ambayo mnadani ungeicheka, na kipimo chake ni bakuli lake mwenyewe ambalo kilo moja haiwahi kulijaza. Nguo za Idi zinachakaa mwezi wa sita. Korosho zinaondoka mwezi wa kumi, wewe umesimama unaangalia wenzako wanapeleka ghalani.

Nimeulizwa mara nyingi, ustadh, si nimekubali mwenyewe, dhambi iko wapi? Sikilizeni vizuri. Mtume (s.a.w.) amekataza kuuza matunda kabla hayajaanza kuonesha kukomaa, ni hadithi ya Ibn Umar katika Bukhari na Muslim. Na sababu imefahamishwa: Allah akiyazuia matunda yale, utahalalisha kwa lipi mali ya ndugu yako? Ugonjwa wa ubwiri ukipiga shamba, nani atalipa?

Ni kweli, ipo biashara inayoitwa salam, ya kulipwa kwanza na kukabidhi bidhaa baadaye, na sheria imeiruhusu. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakiifanya kwenye tende, hakuivunja, aliiwekea masharti: kipimo kijulikane, uzito ujulikane, muda ujulikane. Na wanazuoni wakasema isifungwe kwenye miti fulani ya shamba fulani. Sasa linganisha na bakuli la kangomba. Kipimo kiko wapi? Na anayekuja kwako akijua una njaa, akatumia njaa yako kushusha bei, huyo ajue funga yake ina kazi ya kumtetea. Namwambia yeye kwanza kabla sijamwambia mkulima, maana wapo kwenye chaneli hii, na baadhi wanaswali saf ya kwanza.

Mkulima naye nimuulize: ulipoamua kuuza kisichokuwepo, ulikuwa umekaa ukahesabu kilichopo? Mara nyingi hatujahesabu. Tumetazama tu cha jirani. Idi haikuamrishwa nguo mpya. Sunna ni kuvaa kizuri ulicho nacho, kikiwa safi. Mtoto aliyefurahi na vifaranga tisa hatakuchukia kwa kanzu ya mwaka jana iliyofuliwa na kupigwa pasi. Na kama shida ni ya chakula, siyo ya nguo, basi njoo useme. Njoo kwangu usiku baada ya Tarawehe au umtume mtu. Wapo ndugu waliopata msimu huu ambao wameniambia wapo tayari kukopesha mkopo mwema, urudishe kile kile ulichochukua mnada ukianza, bila nyongeza hata ya shilingi mia. Jina lako halitatajwa.

Hesabu yenyewe inaanzia wapi? Nawapa mfano wa mambo yetu ya hapa, nanyi mtajazia.

Maji. Wazee wa uwanda wa Makonde wanajua. Ardhi yetu ya juu ni mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, mito hakuna. Mabibi zetu waliteremka genge usiku kufuata maji mabondeni na kupanda na mtungi kichwani kunapambazuka. Maji ya bomba yalianza kupandishwa huku miaka ya 1950, na mpaka leo tunalalamika kwamba bomba linakatika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini ile siku linapotoka, nani anasema alhamdulillah kwa sauti? Mtoto wa darasa la nne kaiandika. Mimi na wewe tulifungua bomba tukajaza ndoo tukaendelea na habari za siasa.

Barabara. Kilomita 160 kutoka Mnivata kupita Tandahimba na Newala mpaka Masasi zinajengwa kwa lami. Vumbi bado tunalila, na mvua hizi matope yapo. Lakini mmeshawahi kumpeleka mjamzito Mkomaindo usiku wa masika na gari likanasa? Waliopitia hilo wanajua kila kipande kinachokamilika ni dua ya mtu.

Na safari. Mei mwaka jana, mvua na kimbunga Hidaya, njia ya Dar ilikatika kule Somanga. Wapo humu waliolala ndani ya basi, na wapo waliokuwa huku wakipiga simu haipatikani. Kisha mtu akaingia nyumbani, ana tope mpaka magotini, mzima. Furaha ile ya mlangoni mmeiweka wapi? Sijasikia mtu akiitaja hata mara moja tangu wakati ule.

Hata baridi ya mwezi wa saba ya Newala, ambayo watu wa Masasi wakipanda huku wanaikimbia na makoti yao. Kukaa jikoni na mama, moto unawaka, mbaazi zipo chunguni. Mnazeeka nayo hiyo, wallahi, siku moja mtaitafuta.

Aya ya 185 ya Suratul-Baqara, ile inayoutaja mwezi huu, mnaisikia kila mwaka. Inaanza na Qur'ani, inataja funga, mgonjwa na msafiri, na wepesi ambao Allah anatutakia. Tazameni inapoishia: inaishia kwenye kushukuru. Na Mtume ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Allah. Kwa hiyo ukikumbuka furaha, kumbuka pia mkono ulioileta. Aliyekuazima baiskeli kumpeleka mgonjwa. Jirani aliyewapa watoto uji ulipochelewa shamba. Mkeo aliyeamka saa tisa usiku siku kumi na sita mfululizo kupika daku, na leo asubuhi ulimwambia chumvi imezidi.

Kazi ya usiku wa leo ni hii. Baada ya futari, kabla ya kwenda Tarawehe, simu zote ziwekwe kwenye ungo, kila aliyepo kwenye mkeka ataje jambo moja lililomfurahisha tangu Ramadhani iliyopita. Masharti mawili: lisiwe bei ya korosho, na lisisemwe la kumchoma mwenzio. Aanze mdogo, baba awe wa mwisho. Mwenye kuishi peke yake ampigie simu mtu mmoja. Akina mama wa darsa ya Jumatano, za kwenu niletewe, nitazisoma bila majina.

Kesho in sha Allah tafakuri itakuwa juu ya zakatul-fitri, pishi ni kiasi gani kwa mchele na kwa unga wa mahindi, maana maswali yameshakuwa mengi. Wanaoleta mihogo na mchele wa futari ya msikitini wapitishie kabla ya Alasiri, wapishi wanaelemewa vikija jioni. Na yule aliyeacha mwavuli mweusi kwenye ukumbi wa nje juzi, upo kwa muadhini.

Ewe Mola, tukubalie funga zetu, uwarehemu waliotutangulia, utujaalie tuifikie Idi tukiwa salama. Amin.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.