Tuombe, na Tumnyweshe Mtoto

Mfalme Hezekia aliomba, Mungu akasikia. Hata hivyo nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake (2 Wafalme 20). Basi dawa si kukosa imani.

Tunakumbuka kolera ya Goma, Julai 1994: iliua maelfu ya watu. Mtoto akiharisha sana, tusingoje maombi yaishe. Tuchukue litri 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tumnyweshe kidogo kidogo, huku tukimpeleka kituo cha afya. Mama anayekimbia na mtoto mgongoni, naye anaomba. Amina.