Abiria Wasio na Majina

Je, ni halali mtu kustarehe kwa kutazama watu wakiuawa, maadamu wanauawa katika sinema tu? Nimesukumwa kuuliza hivi na jioni moja niliyoketi katika kibanda cha video huko Katoro, mkoani Geita, katikati ya wachimbaji wadogo ambao vumbi la shimoni lilikuwa bado masikioni mwao.

Tulioneshwa Bullet Train, sinema ya mwaka 2022. Brad Pitt na wauaji kadhaa wa kukodiwa wamepanda treni ya mwendo kasi ya Japani, kutoka Tokyo kwenda Kyoto. Watu wanachinjana behewani, nasi tunacheka. Nami nilicheka, sitaficha.

Wako wasemao kwamba kicheko hicho chenyewe ni dhambi. Sikubaliani nao upesi. Mtu ashukaye shimoni kila asubuhi kwa kamba hahitaji sinema imfundishe kwamba hatari ipo. Labda hupenda kuitazama mara moja mahali ambapo haiwezi kumfikia. Januari 2017, huko Nyarugusu, wachimbaji 15 walitolewa wakiwa hai baada ya kunaswa chini ya ardhi kwa siku tatu. Watu waliokesha wakiwangojea wenzao namna ile hawawezi kuitwa wapenda mauti kwa sababu ya kiingilio cha kibanda.

Linalonisumbua ni jingine. Katika sinema hiyo abiria wa kawaida karibu hawapo. Ilinganishe na sinema ya Kijapani ya mwaka 1975 iliyoongozwa na Junya Sato, ambamo bomu litalipuka treni ikipunguza mwendo chini ya kilomita 80 kwa saa. Humo abiria wanaonekana: wanahaha, wanafokeana, na mama mjamzito anateseka mbele yetu. Hata mtega bomu, aliyeigizwa na Ken Takakura, tunaelezwa jinsi kiwanda chake kidogo kilivyofilisika. Hapo mtu hucheka kidogo, lakini hatoki akiwa amesahau kwamba treni hubeba watu.

Nasi tunaijua treni isiyosimama. Tarehe 24 Juni 2002, karibu na Igandu, Dodoma, treni ya abiria ilirudi kinyumenyume mteremkoni bila kuzuilika, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Hesabu hiyo waweza kuitaja sokoni Shinyanga na watu wakaendelea kupima mchele. Mtaje marehemu mmoja kwa jina la baba yake, utaona mizani inawekwa chini.

Mfasiri wa kibanda kile alilijua hilo. Msichana mmoja alipopita akisukuma kigari cha vitafunio kati ya wauaji, yeye akadakia, “Huyu ni binti wa mama Masanja wa Isaka, ana wiki moja tu kazini!” Ilikuwa mzaha. Lakini tangu hapo kila ngumi iliporushwa, sauti zilitoka gizani, “Binti wa mama Masanja yuko wapi?” Zikaulizwa tena na tena, na kicheko kikapungua. Mwishowe, treni ilipoanza kubomoka, mfasiri alilazimika kutuambia kwamba ameshuka kituo cha nyuma, na mzee mmoja karibu nami akasema, “Afadhali.”