Motokaa Iliyolala Ghalani

Huko Marekani wako watu wanunuao motokaa za zamani zilizolala ghalani miaka mingi, kama Ford Model A, iliyotengenezwa toka mwaka 1927 hata 1931. Mnunuzi mwenye haraka huiwasha siku ile ile, na kutu huikwaruza injini ndani. Fundi mwenye hekima humwaga kwanza petroli iliyochacha na kuosha tangi. Hutoa plagi, hutia mafuta kidogo katika silinda zote nne, huyaacha yapenye siku kadha, kisha huizungusha injini kwa mkono, polepole. Hubadili mafuta yote, hutengeneza breki. Ndipo huiwasha.

Basi, yuko ndugu aliyeuacha usharika siku nyingi, naye leo amesimama mlangoni. Je, tumsimamishe mbele ya watu siku ya kwanza, ajibu maswali yote? Tutamwumiza. Na tutangulize upole, tumngoje, tumshike mkono. Kisha mafundisho yafuate, kwa maana chombo kisicho na breki hakiendi salama. Motokaa ilinunuliwa kwa fedha. Ndugu huyu alinunuliwa kwa damu. Je, subira yetu ipungue kuliko ya fundi?